Gurudumu la mbele lenye kazi mbili: hesabu iliyozaa matrekta adimu

Chukua matrekta mawili ya Uingereza ya miaka ya 1960 uyaegeshe bega kwa bega: County Super-4 na Roadless Ploughmaster. Yote mawili yametokana na Fordson, yote yanasukuma kwa magurudumu manne, na mtu akiuliza ataambiwa tu kwamba ni fowili. Ila County ina magurudumu manne yanayolingana, makubwa mbele kama nyuma. Roadless ina matairi makubwa nyuma na madogo mbele, kama trekta lolote tulilozoea, isipokuwa ukiinama utaona ekseli nzito ya mbele na propela (shafti ya kupeleka nguvu) inayoifikia. Tofauti hiyo ya ukubwa wa matairi wengi huiona kama jambo la sura tu. Kwangu mimi ndiyo kiini cha habari yote, na ukiielewa vizuri utaweza kulisoma trekta lolote la kale la aina hii na kujua aliyelitengeneza alikuwa anahangaika na nini.

Kwanza tuweke majina sawa, maana yanachanganya. Kuna matrekta makubwa yanayokatika katikati, yaani mwili wake hukunjika kwenye kiungo ili kupinda, kama Steiger za Marekani, yenye magurudumu manne yanayolingana na uzito mwingi ukiwa mbele. Hayo ni ukoo wa peke yake. Kuna ya kundi la County, yenye magurudumu manne sawa lakini mwili usiokatika, yanayopinda kwa magurudumu ya mbele. Halafu kuna yale ambayo gurudumu kubwa la nyuma ndilo lenye mzigo na la mbele, dogo, linasaidia. Wamarekani huliita gurudumu la mbele kwa jina hilohilo la msaidizi, nami nitalifuata. Karibu kila trekta la fowili linalouzwa leo duniani liko katika kundi hili la tatu. Jambo la ajabu ni kwamba lilichelewa sana kukubalika, na miaka yake ya kutafuta njia ndiyo iliyotuachia mashine chache zinazowindwa leo na wakusanyaji.

Kwa nini kuhangaika na mbele? Trekta la kawaida linalosukuma kwa nyuma tu hubeba kati ya robo na theluthi ya uzito wake kwenye ekseli ya mbele. Uzito huo hauvuti chochote. Zaidi ya hapo, kwenye tope au ardhi iliyokwisha kutifuliwa, magurudumu madogo ya mbele yanazama na kuanza kusukuma udongo mbele yao, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya injini inaliwa na kuyasukuma yenyewe. Yakipewa nguvu, yale yale yaliyokuwa mzigo yanapanda juu ya udongo yakivuta, na yanaacha njia iliyogandamizwa ambayo tairi la nyuma linaikanyaga vizuri. Usukani nao unatii, kwa sababu gurudumu linalovuta linaelekea kule lilikogeuzwa, wakati gurudumu lisilo na nguvu linaburuzwa tu likitazama pembeni. Aliyewahi kulima udongo wa mbuga baada ya mvua anajua uchungu wa kuzungusha usukani mpaka mwisho na trekta likaendelea mbele kana kwamba halijaambiwa kitu.

Sasa njoo kwenye hesabu. Tuseme tairi la nyuma likizunguka mara moja linatembea mita 4.80, na la mbele mita 3.60. Ili yote mawili yafike pamoja, la mbele lazima lizunguke mara 1.33 kila la nyuma linapozunguka mara moja. Namba hiyo lazima itengenezwe kwa meno ya gia mahali fulani kati ya giaboksi na ekseli ya mbele, na ikishatengenezwa haibadiliki.

Wajenzi hawachagui 1.33 kamili. Wanaipandisha kidogo, tuseme 1.37, ili gurudumu la mbele litake kwenda kasi kuliko la nyuma kwa karibu asilimia 3. Kiasi hicho cha kutangulia, ambacho kwa kawaida huwekwa kati ya asilimia 1 na 5, kina sababu yake. Tairi la nyuma likivuta jembe huteleza kidogo siku zote, hata kama jicho halioni. Likiteleza, mwendo halisi wa trekta unapungua chini ya mzunguko wa tairi. Lakini mtelezo huo ukiwa mdogo, gurudumu la mbele lisipotangulia litakuta trekta linakwenda karibu sawa na lenyewe, na hapo linavuta kidogo tu; likichelewa, linasukumwa. Likitangulia sana, nalo linaburuta meno yake kwenye udongo na kujimaliza.

Tazama basi jinsi jambo lilivyo jembamba. Matairi ya mbele yakichakaa kiasi cha sentimita moja na nusu tu ya kimo cha meno, mzunguko wake unashuka hadi karibu mita 3.50. Zidisha kwa 1.37 upate mita 4.80. Kule kutangulia kote kumekwisha. Trekta bado lina ekseli, propela, gia na kishikio cha kuingizia, na dereva anaamini kabisa ana fowili, lakini msaada wa mbele umepungua sana. Nimewahi kuona mtu akifunga matairi mapya ya nyuma, ya kimo kingine kabisa kwa sababu ndiyo yaliyopatikana, na akashangaa kwa nini krosi za propela (viungo vinavyoiruhusu kukunjwa) zinakatika msimu hadi msimu. Hakuna aliyemwibia wala spea hazikuwa mbovu. Ekseli mbili zilikuwa zinapigana, na palipo dhaifu ndipo palipoachia.

Hiyo ni nusu ya tatizo, nusu iliyonyooka. Nusu ya pili inatokea kwenye kona.

Trekta likipinda, ekseli ya mbele inachora duara kubwa kuliko ya nyuma. Ukipindisha magurudumu kwa nyuzi 40, mbele inasafiri karibu asilimia 30 zaidi ya nyuma. Gia zilizoandaliwa kutangulia kwa asilimia 3 haziwezi kulipa deni la asilimia 30. Kwenye udongo laini matairi huteleza na mambo yakaisha. Kwenye lami hayatelezi kwa urahisi, kwa hiyo mkazo unajilimbikiza ndani ya mashine kama kamba inayosokotwa, mpaka tairi liruke au kitu kivunjike. Ndiyo sababu madereva wanafundishwa kutoa fowili wanapoingia barabarani, na wengi huitoa pia mwisho wa tuta kabla ya kugeuza.

Na gurudumu linalopinda huku linasukuma linahitaji kiungo kinachopitisha nguvu kwenye pembe. Krosi ya kawaida ina aibu yake: ikikunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa kasi moja, unaenda mbio na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye nyuzi 40 kasi hupanda kwa asilimia 30 na kushuka kwa zaidi ya asilimia 20. Usukani unatetemeka mikononi. Dawa ni viungo vinavyotunza kasi, kama kile cha Tracta alichokitoa Mfaransa Jean-Albert Grégoire na mwenzake Pierre Fenaille mwaka 1926, au kile cha Rzeppa chenye gololi. Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa ghali kwa mashine ya mkulima.

Ukiwa na matatizo haya mawili kichwani, mashine za kale zinaanza kusema.

John Deere yenyewe, kampuni ambayo watu wanaifikiria kama ya matrekta ya kijani ya magurudumu mawili makubwa nyuma, trekta lake la kwanza kuuza lilisukuma kwa kila gurudumu. Joseph Dain alikabidhiwa kazi hiyo mwaka 1914. Alichokitoa kilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja pana nyuma, yote yakivutwa kwa minyororo, na dereva aliweza kubadili gia bila kusimama, jambo la kustaajabisha kwa wakati ule. Dain alifariki mwaka 1917 kabla hayajatoka. Yalitengenezwa kama 100 hivi, kwa bei ya dola 1,700, wakati Fordson iliuzwa dola 750. Mwaka 1918 Deere ikainunua kampuni ya Waterloo iliyokuwa tayari na trekta rahisi linalouzika, na la Dain likaachwa. Yaliyobaki leo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi huliona kama trekta lililofika mapema mno: wazo lilikuwa sahihi, ila mnyororo na chuma cha wakati ule havikuweza kulifanya liwe nafuu.

Massey-Harris walijaribu tena mwaka 1930 kwa General Purpose yao, magurudumu manne ya chuma yanayolingana, injini ya Hercules. Hapo unaona njia ya kwanza ya kukwepa hesabu: ukilinganisha magurudumu, uwiano ni moja kwa moja, na nusu ya tatizo imeondoka. Kona ilibaki. Wakulima wa wakati ule, katikati ya mdororo wa uchumi, hawakulikimbilia.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Marekani ilitengeneza zaidi ya malori 500,000 ya GMC ya magurudumu sita yanayosukuma, na kila moja lilikuwa na ekseli ya mbele yenye difu (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) na viungo vya kupindia, imara, tayari. Baada ya 1945 malori hayo yalijaa Ulaya kama chuma chakavu. Huko Italia, karibu na Turin, kampuni ya Selene ikaona kile ambacho viwanda vikubwa havikukiona: sehemu ghali kuliko zote ya trekta la fowili ilikuwa inauzwa kwa bei ya takataka. Waliichukua ekseli ya GMC, wakaifunga chini ya pua ya trekta, na wakatengeneza kiboksi chembamba cha gia kilichopachikwa kati ya giaboksi na difu ya nyuma kama nyama katikati ya mkate. Kazi ya kiboksi hicho ni moja tu, kutoa ile namba tuliyoihesabu. Meno yake yalipangwa ili ekseli ya lori, yenye uwiano wake wa kijeshi, ikubaliane na nyuma ya trekta ambalo halikuwahi kufikiriwa pamoja nayo. Ningependa sana kuyaona makaratasi ya aliyepiga hesabu ile.

Uvumbuzi huo ulivuka hadi Uingereza kupitia Roadless Traction ya Hounslow, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 na Philip Johnson, mhandisi aliyekuwa akisanifu vifaru wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1956 Roadless ilianza kuuza Fordson Major yenye ekseli ya mbele ya kusukuma kwa mpango wa Selene. Huyo ndiye babu halisi wa trekta la leo: matairi makubwa nyuma, madogo mbele, kiboksi katikati, kishikio cha kuingiza na kutoa.

Waitalia wenyewe hawakusubiri. SAME ya Treviglio, iliyoanzishwa na ndugu Cassani mwaka 1942, ilikuwa imetoa DA 25 mwaka 1952, trekta dogo la dizeli la nguvu za farasi 25, injini inayopozwa kwa hewa, na lilipatikana likisukuma kwa magurudumu yote manne kutoka kiwandani. Kwa mashamba ya milimani na ya mizabibu, ambako trekta zito haliwezi kuingia na jepesi linateleza, lilikuwa jibu kamili. Kama mtu ataniambia nichague trekta moja kutoka makala hii nilifunge kwenye banda langu, ni hilo, kabla hata ya yale makubwa yanayopendwa na wanunuzi wa mnada.

County, kampuni ya ndugu Tapp huko Fleet, Hampshire, ilichukua barabara nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni mpango mzuri usioeleweka vya kutosha. Badala ya propela moja katikati inayokwenda kwenye difu ya mbele, County ilitoa nguvu kwenye shafti za nyuma zenyewe, baada ya difu, kila upande kivyake, kisha shafti mbili ndefu zikapita kushoto na kulia mwa trekta hadi kwenye magurudumu ya mbele. Mbele hakuna difu. Difu moja ya nyuma inagawa nguvu kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na ndani ya kila upande gurudumu la mbele na la nyuma yamefungwa pamoja. Matokeo yake, ukibana loki ya difu hiyo moja, magurudumu yote manne yanazunguka kama kitu kimoja. Kwenye trekta la Roadless loki ya nyuma inakupa magurudumu mawili ya uhakika, na mbele bado gurudumu moja linaweza kuzunguka bure kwenye tope. Kwa hiyo watu wa misitu na wa mashamba ya matope waliipenda County, na kwa nguvu ghafi kwenye mstari ulionyooka ilikuwa ngumu kushindwa. Gharama yake iko kwenye kona: tairi kubwa la mbele haliwezi kukunjwa sana kabla halijagusa mwili wa trekta, na pande zile zilizofungwa pamoja hazikubali kirahisi kwamba mbele inasafiri zaidi ya nyuma.

Magurudumu manne makubwa yana hewa nyingi ndani, na County walilitumia hilo kwa namna ambayo mpaka leo inanifurahisha. Walitengeneza Sea Horse, Super-4 iliyofungwa maboya, na mwaka 1963 David Tapp aliiendesha juu ya maji kutoka Ufaransa hadi Uingereza, safari ya karibu saa nane, ikijisukuma kwa meno ya matairi yake.

Marekani ilikuwa na majaribio yake. Minneapolis-Moline ilitoa katika miaka ya 1960 mfululizo wa matrekta yenye ekseli ya mbele saidizi, M504, M604, G704, G706, G708, na mengine yalitengenezwa machache sana kiasi kwamba mnada ukitangaza moja, watu husafiri majimbo kadhaa kulifuata. Lakini jaribio lenye mafunzo zaidi ni la Deere. Mwishoni mwa miaka hiyo, kwenye trekta lao la 4020, waliuza ekseli ya mbele isiyo na propela, isiyo na difu, isiyo na meno hata kidogo kati yake na giaboksi. Kila gurudumu la mbele lilipewa mota ya haidroliki, na nguvu ikaja kwa hosi.

Fikiria uzuri wake. Mafuta hayana uwiano. Mota ya mafuta inasukuma kwa kiasi cha msukumo inaopewa, na kasi inaifuata ardhi yenyewe. Tairi likichakaa, hakuna kinachopigana. Trekta likikata kona, gurudumu la nje linakunywa mafuta mengi na la ndani machache. Matatizo yote mawili yameyeyuka kwa pamoja. Kilichobaki ni kwamba mafuta yanayosukumwa kwenye hosi hupoteza nguvu kwa joto, na msukumo wa mota zile ulikuwa mdogo. Ulisaidia kwenye gia za chini, pale pa kukwamuka, na haukutosha kuvuta jembe zito siku nzima. Ndiyo maana msaidizi huyo hakuenea, na ndiyo maana leo 4020 iliyobaki na mfumo wake mzima inatafutwa.

Deere walirudi kwenye gia mwaka 1982. Matrekta ya mfululizo wa 50 yalikuja na ekseli ya mbele ya meno waliyoiita Caster/Action, ambayo kingipini zake (pini ambazo magurudumu hugeukia) zimelazwa nyuzi 13. Ukipinda, tairi linainama na kujikunja chini ya mwili badala ya kuugonga, kwa hiyo trekta refu likaanza kugeuka karibu kama lisilo na fowili. Kizuizi cha mwisho machoni pa mkulima wa Marekani kikaondoka. Miaka michache baadaye fowili ikawa jambo la kawaida, na warsha za Kiingereza zilizokuwa zikiishi kwa kubadili matrekta ya wengine zikakosa kazi. County ilikuwa imekwisha kufilisika mwaka 1983.

Kuna jibu moja zaidi ambalo nalihusudu, la kiwanda cha Minsk. MTZ-82, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1974 na kusambaa nchi nyingi sana, haikupangwa ili mbele itangulie. Ilipangwa ichelewe. Ndani ya kiboksi chake kuna klachi ya virola inayoruhusu magurudumu ya mbele yazunguke bure muda wote ambao trekta linakwenda vizuri. Ya nyuma yakianza kuteleza kwa asilimia kadhaa, mwendo wa trekta unashuka mpaka gia za mbele zinalikuta gurudumu, virola vinajikwamisha, na mbele inaanza kuvuta yenyewe. Mtelezo ukiisha, inaachia. Hakuna kompyuta wala waya. Kishikio kina nafasi tatu, kutoa, kujiendesha na kulazimisha, na kwenye kona klachi inaachia yenyewe kwa sababu mbele inasafiri zaidi. Vyuma vichache vimefanya kazi ambayo dereva wa Roadless aliifanya kwa mkono wake.

Haya yote yanamhusu pia mtu wa Morogoro au Eldoret anayenunua trekta lililotumika la kutoka Uingereza au Kubota dogo la kutoka Japani, kwa sababu mara nyingi matairi yamebadilishwa njiani na ukubwa aliouchagua mhandisi hauko tena. Kulipima hakuhitaji kifaa. Tafuta udongo tifutifu ulio sawa. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na la mbele. Toa fowili, endesha polepole mpaka la nyuma lizunguke mara 10 kamili, na mtu atembee pembeni akihesabu la mbele. Kwa trekta la mfano wetu atapata 13.3. Kisha ingiza fowili, rudia palepale, hesabu tena. Ukipata 13.7, msaidizi wako anatangulia kwa asilimia 3 na yuko kazini. Ukipata 13.3 ileile, kule kutangulia kumekwisha na msaada wa mbele umepungua sana. Ikizidi 14, usiingie nalo lami kwa fowili hata mita moja mpaka umepata matairi yanayoendana.